Kiingilio cha Kumwona Ohtani Kilikwisha Kulipwa

Kila bei ya tiketi inapopanda katika viwanja vya besiboli vya Marekani, hutolewa jibu moja. Mchezo ni bidhaa; mchezaji nyota ni bidhaa adimu; bidhaa adimu huenda kwa mwenye uwezo. Asiyemudu na atazame televisheni. Jibu hili limerudiwa hata limekuwa kama habari ya masika na kiangazi, jambo lisilo na mwenyewe, na nimewasikia hata wanafunzi wangu wanaojitambulisha kuwa wajamaa wakilikariri bila haya. Nalikataa. Nasema ni jibu la uongo, na uongo wake umeandikwa katika hati za ardhi, katika mikataba ya hatifungani na katika bajeti za miji inayojulikana kwa majina. Kumwona Shohei Ohtani akicheza, kwa macho na si kwa kioo, ni jambo ambalo watu wa Los Angeles walilitolea ardhi kabla hajazaliwa, na watu wa Miami wakalitolea kodi kabla hajakanyaga bara lao. Wanachotozwa mlangoni leo ni malipo ya pili.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa soka, kwa hiyo niseme kidogo juu ya mchezo wenyewe. Besiboli ina kazi mbili ambazo hazikai nyumba moja: kurusha mpira na kuupiga. Mrushaji hurusha siku moja na kupumzika siku kadhaa. Mpigaji hucheza karibu kila siku. Ohtani, aliyezaliwa mwaka 1994 katika mji wa Oshu, mkoa wa Iwate, Japani, hufanya zote mbili, na zote kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Ni kana kwamba golikipa bora wa ligi angekuwa pia mfungaji bora wa ligi hiyo hiyo. Mwaka 2024, akiuguza kiwiko na asiweze kurusha, alipiga mipira 54 iliyovuka ukuta na akaiba vituo 59. Hakuna aliyewahi kabla yake kufikisha 50 na 50 katika msimu mmoja. Tarehe 17 Oktoba 2025, katika mchezo ulioipeleka Los Angeles Dodgers fainali, aliwatoa kwa kurusha wapigaji 10 wa Milwaukee bila kuruhusu hata pointi moja, na jioni hiyo hiyo akauvusha mpira ukuta mara tatu. Magazeti hupenda kuandika kwamba mtu wa namna hii hajaonekana tangu Babe Ruth. Si kweli. Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs alikuwa mrushaji hodari na mpigaji hodari katika miaka ya 1920, ila alikuwa mtu mweusi katika ligi za weusi, na waandishi wa magazeti makubwa hawakuwa uwanjani kumwona. Jambo hilo nitalirudia.

Nini hasa huonekana uwanjani kisichoonekana kwenye kioo? Swali ni la haki, maana kama hakuna tofauti basi mjadala wote ni wa bure. Nilibahatika kumwona mara moja, nikiwa Los Angeles kwa shughuli za kitaaluma, kutoka orofa ya juu kabisa ambako mchezaji huonekana kama punje ya mtama. Hata kutoka huko niliona ambavyo kamera haioni. Niliona walinzi wa nyuma wakirudi hatua kadhaa pale alipotokeza tu, kabla hajashika nafasi yake. Niliona anavyogusa kofia kuelekea benchi la wapinzani kuwaamkia, wakati televisheni kwa kawaida iko kwenye takwimu na matangazo. Gongo lilipokutana na mpira, jicho lilijua kwanza na sikio likafuata, kwa sababu mlio huchukua muda kupanda hadi kwenye viti vya bei nafuu. Na maelfu ya watu walinyanyuka pamoja bila kuamriwa na mtu. Kamera humchagulia mtazamaji. Uwanjani mtazamaji huchagua mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwenye kibanda umiza anajua raha ya kutazama mechi katika msongamano wa wenzake, nami siidharau raha hiyo, lakini anajua pia kwamba siku timu yake ilipokuja mjini aliuza kitu apate kiingilio.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Uwanja wa Dodgers umekaa juu ya kilima, katika eneo liitwalo Chavez Ravine. Palikuwa na vitongoji vitatu hapo, La Loma, Palo Verde na Bishop, vya familia zenye asili ya Meksiko, nyingi zikiwa zimenunua viwanja huko kwa sababu mikataba ya ubaguzi iliwazuia kununua kwingine. Mwaka 1950 mji uliwaandikia barua: uzeni, ondokeni, patajengwa nyumba za umma na ninyi mtakuwa wa kwanza kupangishwa. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 ilitoa fedha za serikali kuu kwa ajili hiyo. Msanifu mashuhuri Richard Neutra akachora mradi wa nyumba zaidi ya 3,000. Watu wakahama kwa mamia ya familia, wengi kwa fidia ya kudhalilisha. Kisha upepo wa siasa ukageuka. Nyumba za umma zikaitwa ukomunisti. Frank Wilkinson, ofisa wa mamlaka ya nyumba aliyekuwa mtetezi mkuu wa mradi, aliulizwa mahakamani kuhusu siasa zake, akakataa kujibu, akafukuzwa kazi. Mwaka 1953 akachaguliwa meya Norris Poulson kwa ahadi ya kuufuta mradi, naye akaufuta. Mji ukainunua ardhi kutoka serikali kuu kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba itumike kwa manufaa ya umma.

Naomba mtumishi wa umma anayesoma hapa alisome sharti hilo mara mbili. Manufaa ya umma. Miaka michache baadaye ardhi hiyo ikaenda kwa Walter O'Malley, mmiliki wa klabu ya Dodgers aliyeitoa timu yake Brooklyn. Kura ya maoni ya Juni 1958 iliupitisha mkataba kwa tofauti ndogo. Tarehe 8 Mei 1959 askari walikuja kuwatoa waliobaki. Mwanamke mmoja alibebwa mikono na miguu hadi nje ya nyumba yake, kamera zikiangalia, kisha tingatinga likaingia. Baadaye magazeti yalishangilia kugundua kwamba familia hiyo ilimiliki nyumba nyingine mjini, kana kwamba anayemiliki kanzu mbili anaweza kuvuliwa moja hadharani bila kosa. Uwanja ukafunguliwa tarehe 10 Aprili 1962, viti 56,000. Ujenzi wenyewe O'Malley aliugharimia, na watetezi wake hawachoki kulisema hilo. Hawasemi kwamba kilima kilichosafishwa kwa fedha na amri ya serikali hakina bei sokoni, kwa sababu hakuna mfanyabiashara ambaye angeweza kukipata kwa kununua tu.

Hoja yao ilikuwa nini mahakamani na mbele ya wapiga kura? Kwamba uwanja wa besiboli nao ni manufaa ya umma. Sawa. Nakubali hoja hiyo kwa moyo wote, na ninataka itekelezwe. Haiwezekani kitu kikawa cha umma siku ya kuchukua ardhi na kikawa cha binafsi siku ya kupanga bei.

Miami ni kisa kibaya zaidi, na kinamhusu Ohtani moja kwa moja. Ule mchezo wa 50 na 50 haukuchezwa Los Angeles. Ulichezwa Miami, tarehe 19 Septemba 2024: mara sita alishika gongo, mara sita akapiga, mitatu ikavuka ukuta, akaingiza pointi 10 na kuiba vituo viwili. Uwanja alimofanyia hayo ulifunguliwa mwaka 2012, na sehemu kubwa ya gharama yake ilibebwa na kaunti na mji. Kura ya madiwani wa kaunti ilipigwa mwaka 2009, katikati ya msukosuko wa uchumi, watu wakipoteza nyumba. Klabu ilidai haina uwezo. Mwaka uliofuata hesabu zake zikavuja, ikaonekana kwamba wakati ikilia umaskini ilikuwa ikipata faida. Mojawapo ya hatifungani zilizouzwa ilikuwa ya takribani dola milioni 91, na kwa jinsi riba ilivyopangwa ilikadiriwa kwamba kuilipa hadi mwaka 2048 kungegharimu zaidi ya dola bilioni moja. Soma tena. Wananchi wakamng'oa meya wa kaunti, Carlos Alvarez, kwa kura mwezi Machi 2011, lakini mkataba haung'olewi kwa kura.

Na wakapata nini? Waliahidiwa nyota. Nyota waliletwa kwa msimu mmoja wa ufunguzi, kisha Novemba 2012 wakauzwa Toronto kwa mkupuo: José Reyes, Mark Buehrle, Josh Johnson na wengineo. Mwenye klabu, Jeffrey Loria, aliyeinunua mwaka 2002 kwa dola milioni 158, akaiuza mwaka 2017 kwa dola bilioni 1.2. Katika mkataba kaunti ilikuwa na haki ya kupata sehemu ya faida ya mauzo. Akadai hakukuwa na faida. Baada ya kesi ndefu kaunti ikaambulia milioni chache. Wamiliki wapya hawakukawia. Giancarlo Stanton, aliyekuwa ndiyo kwanza amevusha mipira 59 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi yake, akapelekwa New York mwezi Desemba. Christian Yelich akapelekwa Milwaukee, na mwaka uliofuata naye akawa mchezaji bora, huko. Mtu wa Miami analipa kodi ya uwanja ili aende kuwatazama nyota wa miji mingine wanapopita. Na alipopita aliye mkubwa kuliko wote na kuandika historia, klabu ya Miami ilifanya jambo ambalo lingekuwa kichekesho kama lisingekuwa kweli: mchezo ukiwa umekwisha, iliendelea kuuza tiketi zake. Tiketi za kwenda kuona kilichokwisha kuonekana. Mpira wenyewe ulipigwa mnada kwa dola milioni 4.39.

Nyie mnaosema soko huamua, niambieni soko gani huuza tiketi ya jana.

New York nitaipitia haraka. Uwanja mpya wa Yankees, uliofunguliwa mwaka 2009 huko Bronx, ulijengwa juu ya bustani za umma zilizotumiwa na watoto wa mtaa maskini, kwa hatifungani zisizotozwa kodi, na viti vya mbele kabisa vikatangazwa kwa dola 2,500 kwa mchezo mmoja. Havikununuliwa. Kamera zilipowamulika wapigaji, nyuma yao vikaonekana viti vitupu vya ngozi, na wiki chache baadaye bei ya baadhi ikapunguzwa kwa nusu. Viwanja vya kuchezea watoto vilivyoahidiwa kufidia bustani vilikamilika miaka kadhaa baadaye, mtoto wa miaka minane akiwa amekwisha kuwa kijana.

Kuna kinga nyingine ambayo wenye klabu huipenda: mshahara. Wanasema Ohtani alisaini mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, Desemba 2023, na fedha hizo lazima zitoke mifukoni mwa watazamaji. Lakini mkataba huo unajulikana ulivyo. Kwa kila mwaka anaocheza hulipwa dola milioni 2. Milioni 680 zilizobaki zimeahirishwa, azilipwe kati ya mwaka 2034 na 2043. Kanuni za ligi humlazimu mwajiri kutenga fedha za deni hilo, nalikubali, kwa hiyo si fedha za bure. Hata hivyo bei ya kiti haipangwi kwa kugawa mshahara kwa idadi ya viti. Hupangwa kwa kukadiria mtu atavumilia kutoa kiasi gani. San Francisco Giants walianza mwaka 2009 kupandisha na kushusha bei za baadhi ya viti kila siku kufuatana na mpinzani, hali ya hewa na mrushaji wa siku hiyo, na ligi nzima ikafuata. Katika utaratibu huo, kama Ohtani angecheza bure, kiti kingebaki na bei ile ile na tofauti ingeingia kwa mmiliki. Mfanyakazi asisingiziwe bei ya mwajiri. Sisi tulio katika vyama vya wafanyakazi vyuoni tunaijua hila hiyo. Kila ada inapopandishwa husemwa ni mishahara ya wahadhiri.

Ama televisheni, ile ambayo maskini huelekezwa kwayo, nayo ilifungiwa. Dodgers waliuza haki za matangazo kwa kampuni ya kebo, mkataba wa miaka 25 uliotajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 8.35. Chaneli ikaanza mwaka 2014. Kampuni nyingine za usambazaji zikakataa bei yake, na tangu hapo hadi 2020 familia nyingi za Los Angeles hazikuweza kuiona timu ya mji wao wakiwa sebuleni. Vin Scully, mtangazaji aliyeihudumia timu hiyo kwa misimu 67, alimaliza kazi mwaka 2016 wakati sehemu kubwa ya mji haipati matangazo yake. Kwa hiyo asiambiwe mtu arudi kwenye kioo. Kioo chenyewe kina bawabu.

Nilisema nitarudi kwa Bullet Rogan. Wako wanaoona kwamba kutoona mchezo ni hasara ndogo, isiyostahili neno zito kama haki. Waitazame historia ya besiboli yenyewe. Katika uwanja wa Sportsman's Park mjini St. Louis, hadi mwaka 1944 mtazamaji mweusi alipangiwa upande wake wa kukaa. Uwanjani, katika karne ya ishirini, hakukuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika ligi kuu za wazungu hadi Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Josh Gibson, ambaye waliomwona walisema hakuna aliyeupiga mpira kama yeye, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 35. Satchel Paige aliruhusiwa mwaka 1948, mrushaji wa miaka 42 aliyekwisha kumaliza ujana wake katika viwanja vya vumbi; tarehe 20 Agosti mwaka huo watu 78,382 walijaa uwanja wa Cleveland usiku kumwona. Hawakuja kwa ajili ya takwimu. Walikuja kuona walichonyimwa kwa miaka 20.

Mwezi Mei 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za ligi za weusi katika kumbukumbu zake rasmi, na Gibson akawa wa kwanza katika wastani wa upigaji wa muda wote, .372. Ni jambo jema, nalisifu. Lakini jedwali haliwezi kumrudishia mtu jioni. Mzee wa Chicago au Detroit aliyezuiwa kumwona Gibson akicheza dhidi ya wakubwa wenzake hakurudishiwa chochote na jedwali hilo, na wala wazungu walioaminishwa kwamba wamewaona walio bora hawakurudishiwa. Ubaguzi wa rangi ulimnyima mchezaji mshahara, ndiyo, na uliunyima umma mzima ushahidi wa macho. Bei haifanani na ubaguzi wa rangi, sitaki kuvichanganya. Ila zote mbili hufanya kazi mlangoni, na zote mbili huamua nani atawasimulia wajukuu alichokiona.

Je, inawezekana vinginevyo? Inawezekana, na mfano uko California hiyo hiyo. Uwanja wa San Francisco, uliofunguliwa mwaka 2000, ulijengwa kwa fedha za binafsi, wa kwanza wa namna hiyo katika ligi kuu tangu ule wa Dodgers. Katika ukuta wa upande wa kulia, kando ya maji, kuna matao yenye nyavu ambapo mpita njia yeyote husimama na kutazama mchezo bila kulipa. Watu wakiwa wengi, anayeangalia humpisha mwenzake baada ya vipindi vitatu. Katika miaka ambayo Barry Bonds alikuwa akiipeleka mipira baharini, 73 msimu wa 2001, mtu asiye na senti aliweza kusimama pale na kumwona mchezaji aliyeongelewa kuliko wote nchini, kwa sifa na kwa tuhuma. Hao ndio Giants wale wale wa bei za kubadilika kila siku, kwa hiyo siwafanyi watakatifu. Nastaajabia jambo moja tu: uwanja uliojengwa kwa fedha za wenyewe umeacha tundu la kuchungulia, na viwanja vilivyojengwa kwa kodi vimezibwa hadi darini.

Mlango mwingine uko mbali na uwanja, na huo unatuhusu watu wa Afrika Mashariki bila mzunguko wa maneno. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda iliishinda timu ya Saudia huko Kutno, Poland, na hivyo ikapata nafasi ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto ya besiboli. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Ikanyimwa viza, maofisa walisema nyaraka za watoto zilitofautiana. Wasaudia walioshindwa wakaenda badala yao. Timu ya Kanada iliyokuwa imepangwa kucheza na Waganda haikuridhika, na Januari 2012 watoto hao wakasafiri hadi Uganda kuja kucheza mechi iliyokosekana. Mwaka huo wa 2012 timu ya Lugazi ikafaulu tena, safari hii ikapewa viza, na huko Pennsylvania ikaishinda timu ya Oregon 3 kwa 2. Miaka 10 baadaye, mwaka 2022, hao hao Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Sina uhakika kama mtu anaweza kuusoma mfululizo huo bila kukereka. Kipaji cha Kampala kinakaribishwa kikiwa bidhaa. Kikiwa mtoto anayetaka tu kwenda kuucheza mchezo na kuwaona wanaoucheza, kinaulizwa cheti cha kuzaliwa mara tatu. Na Juni 2025, kwenye malango ya uwanja wa Dodgers wenyewe, mji ukiwa katika hofu ya misako ya wahamiaji, walionekana mawakala wa serikali kuu. Klabu ilisema iliwanyima ruhusa ya kuingia, wizara ikasema hawakuwa na jambo na klabu. Vyovyote iwavyo, fikiria familia ya Wameksiko yenye tiketi mkononi, ikitazama magari yale juu ya kilima kile kile.

Najua vijana wa harakati watasema: Mwalimu, watu wanalala njaa nawe unatuletea habari za viti vya besiboli, na tena vya Marekani. Wengine watasema michezo ni kasumba. Nawajibu kwamba fedha zilizolipia uwanja wa Miami ni fedha halisi, na kwamba kilimani Los Angeles zilivunjwa nyumba halisi ambazo mahali pake pangejengwa nyingine zaidi ya 3,000. Njaa na uwanja hukutana katika kitabu kimoja cha bajeti. Aliyeacha kukisoma kitabu hicho kwenye ukurasa wa michezo kwa kuudharau, amewaachia wenye klabu ukurasa huo. Nasi wa Kenya, Uganda na Tanzania tunaojenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tungefanya vyema kuuliza mapema viti vya mzunguko vitakuwa vingapi, kiingilio chake kitawekwa na nani, na walanguzi watazuiwa na nani.

Madai yangu kwa Wamarekani, maana wenye fikra kama hizi wako huko pia na hawahitaji kufundishwa nami, ni ya kawaida kabisa. Palipo ardhi ya umma, fedha ya umma au msamaha wa kodi, mkataba utaje idadi ya viti ambavyo bei yake imefungwa kwa kipindi chote cha deni, viuzwe kwa wakazi na visiweze kulanguliwa. Hesabu za klabu zifunguliwe kabla ya kura, si kwa kuvuja baada ya kura. Mmiliki akiuza klabu, umma ulipwe kwanza. Na matangazo ya timu iliyofadhiliwa na mji yasifungiwe wakazi wa mji huo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomgusa Ohtani senti moja.

Msiseme muda umepita. Klabu ya Athletics ilicheza mchezo wake wa mwisho Oakland tarehe 26 Septemba 2024, baada ya zaidi ya nusu karne, na inahamia Las Vegas, ambako jimbo la Nevada limeidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja mpya. Umepangwa kufunguliwa mwaka 2028, nao utakuwa na viti takribani 33,000, idadi ndogo kuliko karibu viwanja vyote vya ligi kuu. Viti vichache ni uadimu wa kutengenezwa, na uadimu wa kutengenezwa ndiyo bei. Ohtani, akijaliwa afya, atakwenda kucheza huko na Dodgers akiwa katika miaka yake ya thelathini. Wahudumu wa hoteli na wapishi wa Las Vegas, ambao wana chama cha wafanyakazi chenye nguvu kuliko vingi nchini humo, bado wana muda wa kuuliza kama katika viti hivyo 33,000 kimo hata kimoja chao.